Jino la Shingo ya Sekela

Anania hakuwahi kumtwisha mtoto mzigo. Alilisema hilo hospitalini, akalisema barazani kwa jumbe, mpaka kanisani akalisema, na hakuna aliyemsikiliza. Kibuyu kile kidogo Sekela alikitaka mwenyewe. Kule mlimani juu ya Mbalizi kila mtoto wa kike huanza hivyo, kibuyu cha kuchezea kichwani, nyuma ya mama yake. Lakini Yudith, mama yake Sekela, alikuwa amekwisha fariki, basi mtoto akamfuata baba. Akateleza njia ya mtoni, akaangukia bega, shingo ikakaza upande mmoja.

Mjini wakampiga picha ya mifupa. Bwana mganga, Mwingereza mwenye haraka zake, akaiinua picha dirishani.

"Mfupa wa pili wa shingo una jino linalosimama juu, kichwa hugeukia hapo," mkalimani akatafsiri. "Jino limekatika. Mstari huu hapa. Nani alimtwisha mtoto mdogo hivi?"

Kabla Anania hajafungua mdomo, shemeji yake akamjibia. Sedekia, kaka wa marehemu, ndiye aliyekuwa jumbe wao, na jumbe akisema mbele ya Mzungu, amesema.

"Baba yake huyu, bwana. Tangu dada yangu afe, mtoto ndiye punda wake."

"Shemeji! Unasema nini?"

"Nyamaza wewe. Ukibisha watakufunga."

Sekela akavikwa plasta toka kidevuni hadi kifuani, jumbe akaambiwa ampeleke Iringa kwa daktari mkubwa wa mifupa. Huko Iringa, mtaa wa Mlandege, ndiko alikokaa Lea, mke wa Sedekia, ambaye hakujaliwa mtoto. Kila Anania alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: bado yumo kwenye plasta, usiende, akikuona atalia, akilia jino litahama. Anania akaogopa. Mvua zikapita, zikarudi, zikapita tena. Alikuwa akimpa jumbe mahindi mabichi ampelekee mtoto, na kumshukuru juu. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo. Alishukuru!

Siku moja akasimama Mbalizi na Bushiri, mwenye lori la mpunga wa Ubaruku, akimweleza habari za plasta.

"Plasta gani, Anania? Binti yako nimemwona Mlandege anaruka kamba."

"Bushiri, usinitanie kwa mtoto."

"Wallahi vile. Shingo kama ya jogoo. Panda twende."

Alimkuta bombani, ndoo ya maji kichwani, mikono ameiachia.

"Kamwene," Sekela akamwamkia Kihehe, kama anavyoamkiwa mpita njia.

"Sekela. Mimi tata wako, baba yako."

Mtoto akamtazama tu. Lea akaja mbio, khanga inamdondoka.

"Shemeji, tusipigiane kelele mbele ya watu."

"Plasta iko wapi?"

"Ilitolewa tulipofika tu. Daktari wa hapa alicheka. Mfupa haukuvunjika, shemeji. Kwa mtoto mdogo lile jino huwa bado halijashikana na mfupa wake, katikati kuna gegedu laini, na gegedu haitoki kwenye picha. Ndiyo ule mstari. Watoto wote wanao. Wakifika kama miaka sita, panakauka, panakuwa mfupa mmoja."

"Na Sedekia alijua?"

"Ndiye aliyenitafsiria." Lea akainama. "Alisema kwako atakufa njaa. Na mimi nilitaka mtoto, shemeji."

Yule Mzungu alikosea mfupa. Huyu wa kwao, aliyekula naye msibani, hakukosea kitu, alifanya akijua.

"Na ndoo hii?"

"Amezoea."

"Amezoea! Mimi mmeninyang'anya mtoto kwa kibuyu, ninyi mnamtwisha ndoo!"

Akaitwaa ile ndoo, akajitwika mwenyewe, maji yakimchuruzika usoni. Wanawake wa foleni wakaangua kicheko.

"Baba, kwenu wanaume ndio wateka maji?"

Anania aliitua mlangoni kwa Lea, akamshika Sekela mkono, wakaenda kwenye lori. Lea hakuwazuia. Alibaki kizingitini, mkono mdomoni.

Bushiri akaondoa gari. Anania akamweka mwanawe karibu, akamwita kwa jina, akamwita tena. Sekela hakumtazama. Alikuwa amegeuza shingo nyuma kabisa, haina kasoro yoyote, akimwangalia Lea mpaka barabara ikapinda.