Gundi ya Kome

Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, rafadha ya boti ya watalii ilimpasua Mal-sun paja alipokuwa akiibuka kuvuta pumzi. Boti haikusimama. Wazamiaji wenzake walimburuta hadi mwambani, wakafanya walivyofanya mama zao: wakashindilia ndani ya jeraha majani ya pakanga, yale wanayosugulia miwani ya kuzamia isishike ukungu.

Mumewe, Bu Chang-ho, alimfikisha zahanati kwa pikapu ya samaki. Helikopta kutoka mjini, dakika arobaini.

Ndani ya friji zilikuwamo sindano tano za gundi ya majaribio. Kijiji kizima kiliijua. Imeigwa kutoka kwa kome, anavyong'ang'ania mwamba uliolowa. Ukiidunga kwenye kidonda kinachobubujika damu, inashika. Kome wenyewe, miaka sita, Mal-sun ndiye aliyewazamia kwa ajili ya watafiti.

"Mdunge, Daktari," Chang-ho alisema.

Daktari Pyo, kijana wa mjini, alikuwa amekandamiza paja kwa ngumi mbili. Muuguzi alimshikia simu sikioni. "Ndiyo, Profesa. Hapana, si safi. Wameweka majani." Daktari akasikiliza, kisha akamgeukia Chang-ho. "Wanasema hastahili kuingia kwenye majaribio, mzee. Wanataka jeraha lisilotiwa kitu."

"Yatoe basi."

"Nikiyatoa damu itamwishia."

"Sasa gundi ni ya kazi gani?"

Daktari alizidi kukandamiza paja.

Mama Go, kiongozi wa wazamiaji, maji bado yakimchuruzika, alimsogelea. "We mtoto, wali wangu umekula. Fungua friji."

"Mama, nikifungua bila sahihi ya Profesa nafungwa."

"Utafungwa ukiwa hai."

Mal-sun alikuwa akipumua kwa mluzi, ule wa mzamiaji anayetoka chini. Mluzi, kimya. Mluzi, kimya kirefu. Chang-ho aliinama akingoja aibuke tena. Helikopta ilipotua, bado alikuwa akingoja.

Mwezi wa Mei yule Profesa, mkuu wa utafiti, alikuja na sanduku la matunda ya pea. Aliinama kwa heshima. Akaeleza kwamba sindano zote tano zilimaliza muda wa matumizi, zikateketezwa, kwa kuwa hapakupatikana mgonjwa aliyetimiza masharti. Kisha akauliza nani sasa angewazamia kome.

Chang-ho hakugusa pea.

"Huyo mtu wenu," alisema, "anayekatwa na boti baharini akaletwa kwenu msafi, anakaa kijiji gani?"