Makali ya Mashoto

Mama Pacha alijua shemeji yake ameingia stoo kabla hajamwona. Mlango ule ulikuwa ukilia kwenye bawaba, na tangu mazishi hapakuwa na mtu aliyethubutu kuusukuma. Akaepua sufuria, akavuka ua na ufagio mkononi, ingawa hakuwa na cha kufagia.

Alimkuta ameshaifunua mashine ya kukatia nyasi. Shuka aliyoifunikia Mama Pacha kwa mikono yake ilikuwa imetupwa juu ya madebe ya rangi. Mashine ilikuwa imelazwa ubavu, na shemeji anapekua rafu akitafuta spana.

"Siku hizi hodi hujui?"

"Hii stoo ya kaka yangu. Nikipiga hodi nani anikaribishe, panya?"

"Ungenipigia mimi."

"Ningekupigia ungesema hapana, shemeji. Nimejiokolea muda."

Kaka mtu, mume wa Mama Pacha, mtaa mzima ulimwita Mashoto. Kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, nyundo, kijiko, hata ufunguo wa mlango. Alikata nyasi kwenye nyumba za watu pamoja na huyu mdogo wake, na kazi waliigawana: mdogo anasukuma, mkubwa ananoa. Kile kisu, chuma bapa kinachozunguka chini ya mashine, hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Jioni alikifungua, akakibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akakipitishia tupa taratibu. Kisha alikining'iniza kwa tundu lake la katikati kwenye msumari uliokuwa ukutani, kushoto kwa mlango. Ncha moja ikizama, anairudia kwa tupa mpaka kisu kitulie sawa. Kisu kizito upande mmoja, alisema, kinaitetemesha mashine mpaka mikono ya msukumaji inakufa ganzi.

Msumari huo aliupigilia mwenyewe, mahali palipoufaa mkono wake na kumkera kila mtu mwingine. Ukipita bila kuangalia unakukwaruza bega. Walipolalamika aliwajibu kwamba watu wembamba hawajawahi kumletea malalamiko.

Jioni yake ya mwisho alinoa, akakirudisha kisu, akaenda kujilaza. Hakuamka tena. Kwa hiyo chini ya mashine ile ilikuwepo kazi ya mwisho ya mikono yake, na Mama Pacha hakutaka itumike ikaisha kwenye nyasi za watu. Hakuwahi hata kuigeuza mashine akitazame kisu. Kujua kwamba kipo kulimtosha.

"Wateja wanatafuta watu wengine," shemeji alisema, akichomoa waya wa plagi ya injini. "Nyasi hazikai matanga."

"Tafuta kisu kingine. Hicho kina makali ya mume wangu."

"Tukitie kwenye fremu basi, tukitundike sebuleni."

"Kingine kitie hata kooni kwako ukipenda, ila si hicho."

Shemeji akacheka kwa pua, akaipachika spana. Bolti ilikuwa imeshika kutu. Akaikandamiza kwa mwili wote, ikaachia ghafla, naye akaparuza vidole kwenye bati. Alipokuwa akivinyonya, Mama Pacha alishainama, akakinyakua kisu na kukikumbatia kifuani, na kutu ya bolti ikamchafua gauni.

"Utajikata."

"Nitakatwa na mtu wangu."

Akakitoa kwenye mwanga wa mlangoni, akakifuta kwa pindo la gauni. Alikuwa ameshinda jioni nyingi kwenye kiti kibovu cha mle stoo akimwangalia mumewe akinoa, na mikwaruzo ya tupa yake aliijua kama mwandiko. Ililalia upande wake peke yake, kinyume na ya watu wote.

Mikwaruzo hii ililala kama ya watu wote.

Akakigeuza kisu, akatazama ncha ya pili. Vilevile.

"Nani alikinoa hiki?"

Shemeji aliendelea kunyonya vidole.

"Nimekuuliza."

"Mkono wake ulikuwa umeisha nguvu," alisema hatimaye. "Mwezi ule wote. Anapitisha tupa, tupa inateleza tu. Ukimwita kula, mimi nabaki nyuma nakinoa upya."

"Mwenyewe alijua?"

"Ndiye aliyeniomba. Alisema usiambiwe."

Mama Pacha alisimama na kile chuma mikononi. Jioni zile zote alikuwa akimwita kula, na mumewe akija mezani akijisifu kwamba leo kisu kinanyoa ndevu. Naye akacheka. Kumbe shemeji alikuwa huku nyuma akinoa upya.

"Na pale alipopitisha yeye?"

"Nilipafuta. Palikuwa butu, shemeji. Pangekata nini?"

"Ungeacha hata ncha moja."

"Mashine ingetetemeka."

"Ungeiacha itetemeke."

Mama Pacha akakiangusha kisu juu ya meza, jirani na jiliwa. "Kichukue. Kumbe nimekuwa nikilinda kazi ya mikono yako. Ungeniambia ningekiuza chuma chakavu."

"Aliyekataza ni yeye, si mimi."

"Sasa yeye hayupo nimgombeze. Upo wewe."

Shemeji akakibana kisu, akaanza kunoa akiwa amempa mgongo. Mama Pacha alisikiliza tupa ikienda na kurudi. Kisha akachukua koleo kwenye rafu, akaubana ule msumari wa ukutani, akauvuta kwa mikono miwili. Ukatoka na vumbi la chokaa.

Shemeji alipomaliza, akageuka na kisu mkononi na kukuta tundu tupu ukutani.

"Msumari uko wapi?"

"Ninao."

"Nitajuaje kama kiko sawa?"

"Hukuhitaji kuniambia mambo mwezi mzima. Huu nao huuhitaji."

"Shemeji, usiwe mtoto."

"Pigilia wako. Upande wako."

Akarudi jikoni, akateleka tena sufuria. Baadaye aliisikia mashine ikiwaka nje ya uzio, ikinguruma kwa mtetemo kama sahani kwenye meza mbovu. Hakutoka kutazama. Alifungua kiganja. Msumari ulikuwa umepinda kidogo, na kichwa chake kilikuwa kimebonyea upande mmoja tu, pale nyundo ilipokuwa ikitua kutoka kushoto.