Kigali au Kamembe

Mjukuu wangu Ingabire alikuwa mapajani mwangu na kifuniko cha oksijeni usoni, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Hata mwaka alikuwa hajatimiza. Ilikuwa 1998, barabara ya Ruhengeri magari yalikuwa yanapigwa risasi, kwa hiyo hospitali ya Gisenyi ilituombea ndege ndogo ya kutufikisha Kigali. Mama yake, binti yangu Illuminée, alikuwa anatungoja kule.

Rubani alikuwa mwanamke, Robinah, aliyekulia Uganda. Alitandaza ramani mlangoni mwa ndege.

"Nani ana uzi?"

Nikang'oa mmoja kwenye pindo la kitenge changu. Akaunyoosha toka Gisenyi hadi Kigali, akaubana kwa kucha, akaushusha kwenye kipimo chini ya ramani.

"Kilomita mia na kidogo."

"Bon, twende," akasema muuguzi wetu, Narcisse. "Chupa iko na dakika makumi ine, haiko zaidi."

Robinah hakuinuka. Alikuwa anatazama milima ya mashariki. Wingu lilikuwa limeikalia.

"Uzi unanyooka, sisi hatutanyooka. Lazima nipande juu sana, nizunguke wingu. Dakika hamsini. Na huko juu hewa ni nyepesi, mtoto atachoka zaidi."

Akaulaza uzi kusini, juu ya Ziwa Kivu, mpaka Kamembe. Urefu ulikuwa karibu uleule.

"Huku ni maji matupu. Nakwenda chini chini, dakika thelathini tu. Nimeuliza kwa redio, hospitali ya huko ina oksijeni."

"Hapana," nikasema. "Mama yake iko Kigali. Daktari iko Kigali. Kamembe sina mutu."

"Mama Illuminée, we unatafuta familia ao unatafuta hewa?"

"Nisemeshe vizuri, Narcisse. Nilizaa mbele mama yako hajaolewa!"

"Pardon, Mama. Lakini angalia mushale."

Mshale wa chupa ulikuwa umeshuka tukigombana. Nilianza Salamu Maria, ikanikatikia katikati. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu.

"Peleka Kamembe," nikasema. "Mama yake mumwambie kwa redio."

Tuliruka chini sana hivi kwamba niliona wavuvi wa visamaki vya sambaza wakituinulia nyuso. Upepo ulitupiga kwa mbele. Narcisse alikuwa na mkono kwenye chupa, anafungua, anapunguza.

"Usimupunguzie!"

"Nabakisha ya kushukia, Mama."

Tukakipita kisiwa cha Idjwi. Kisha mlio mdogo wa hewa ya chupa ukakoma.

"Imeisha," Narcisse akasema polepole.

"Uwanja nauona," Robinah akajibu bila kugeuka.

Nilikitoa kifuniko, nikamsimamisha mtoto kifuani, shavu lake shingoni mwangu. Pumzi ilikuja. Nikangoja. Ikaja nyingine, fupi. Nikangoja tena, na magurudumu yakagonga ardhi.

Muuguzi wa kike wa hospitali ya Kamembe alikuja mbio na chupa nyingine akiisukuma kwa toroli. Hakutusalimu, alimvalisha mtoto kifuniko palepale mlangoni, akatafuta mshipa mguuni. Sindano ilipoingia, Ingabire alikunja uso, akavuta hewa ndefu, akalia mpaka watu wa uwanjani wakageuka.

Narcisse akanyoosha mkono ambembeleze.

"Muache," nikamwambia. "Alie."