Dawa ya Kyungu

Ukizaa mapasa, batoto bawili kwa tumbo moja, kwetu Lubumbashi bantu bote banapata haki ya kukutukana. Njo heshima yenyewe! Nilikuwa napita na Kyungu mugongoni, Kabange kifuani, na bamama ba kampi ya bafanyakazi banaanza: "Mama Mapasa, tumbo kama gunia!" Na mi najibu: "Yako je? Tupu kama kichwa ya bwana yako!" Tunacheka. Kisha mama mumoja ananyoosha kipande ya mukate kwa Kyungu, na lazima atafute ingine kwa Kabange. Ukimupa mumoja na kumunyima mwenzake, ule mwenye kunyimwa anakasirika, anarudi kule alitoka mbele ya kuzaliwa.

Hiyo sheria ilikuwa inanimaliza. Kyungu akinyonya, namuamusha Kabange kwa usingizi na yeye anyonye, eti asione wivu. Ukibaogesha, ni maji ya bote bawili. Mumoja akichafua nepi, nabadilisha hata ule mwenye kukauka, halafu nafua zote, navunjika kiuno. Bwana yangu Stanislas alikuwa kazini kwa fonderi, kule banayeyusha shaba. Akirudi, anabeba bote bawili ao habebi mutu. Mama yake, Mama Kalenga, alitoka Kongolo kuja kunisaidia, na yeye njo alikuwa mulinzi wa sheria. Alibapenda bale batoto kuliko alitupenda sisi. Sitamusemea uongo.

Batoto balikuwa banaanza kukaa wakati Kyungu alishikwa na homa, kifua inalia. Masera, mutawa mwenye kutibu kwa dispanseri, akanipa chupa ya siro, dawa ya kukohoa. "Kijiko muzima asubuhi, kijiko muzima mangaribi. Umalize chupa, sitwayeni," akaniita, njo "mwananchi" kwa Kifaransa ya wakati ule.

Bunga yenye kampuni ilikuwa inatugawia haikutosha nyumba, basi kila asubuhi nilikuwa naenda kulima shamba yetu kule Annexe, pembeni ya muji. Dawa nilimuachia Mama Kalenga. Nikirudi namuuliza, "Mama, amekunywa?" Na yeye: "Amekunywa vizuri sana." Kyungu akazidi kukonda. Chupa ikaisha, na yeye akatutoka.

Kulia, hapana! Mapasa habaliliwi. Hata kusema "amekufa" haisemwi, unasema, "Ameenda kutafuta chumvi." Ukilia, mwenzake anasikia, anamufuata. Tulimuzika macho makavu. Maziwa ya Kyungu ilikuwa inanitoka, inalowesha nguo, na mi nimenyamaza kama jiwe. Ee Mungu wangu, ile siku sitaisahau.

Tulipotoka kumuzika, Mama Kalenga akanishika mukono, anifariji. "Haiko wivu imemubeba, mwanangu. Hata dawa nilibagawia. Nusu ya Kyungu, nusu ya Kabange. Hakuna mwenye nilimunyima."

Nilitaka kumupigia kelele mpaka kampi nzima isikie. Lakini Stanislas alikuwa palepale, na ule ni mama yake. Nikameza.

Kisha Kabange naye akaanza kukohoa. Kifua yake ikalia vilevile. Masera akanipa chupa ingine. Hii mara shamba ikae na majani yake! Sikutoka nyumbani. Asubuhi nilikuwa nawasha moto ya makala. Nikigeuka, Mama Kalenga ameinama kizingitini na kijiko mukononi. Anataka kumwaga nusu ya dawa chini, sehemu ya Kyungu.

Nikamushika mukono. "Mama, hapana! Hii ni ya Kabange yote."

"Kyungu atakasirika."

"Akasirike! Masera alisema kijiko muzima. Nusu haiponeshi mutu!"

Neno likanitoka, halirudi tena. Mama Kalenga akaangalia kijiko. Akaniangalia mi. Akakaa chini pale pa mulango, polepole.

"Kumbe ile ya kwanza," akasema, "ilikuwa ya Kyungu peke yake?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka.

"Ndiyo, mama. Yote ilikuwa yake."

Hakulia. Akanirudishia kijiko, akaingia chumbani, na tangu ile siku hakugusa tena Kabange. Chupa niliimaliza mi mwenyewe, kijiko muzima kila mara. Kabange akapona, akaanza tena kucheka na kumunyooshea bibi yake mikono. Mama Kalenga akawa anaficha mikono yake ndani ya kitenge.

"Nitarudi Kongolo," akaniambia siku moja. "Hapa sina tena kazi."

Nilijua hakufanya kwa ubaya. Nilijua, na bado moyo ilikuwa inauma kwa hasira. Nikamuchukua Kabange, nikamuweka kwa magoti yake. Akamushika kwa mikono yote mbili. Nilipenda kumuambia haikuwa kosa yake, lakini mudomo ilikataa. Nikabaki nimesimama karibu, naangalia ile mikono, sababu sikuiamini tena.