Marlys na Mashine ya Kufyekea

Marlys Hofstetter hakuwahi kumpenda mkwewe, lakini uadui wenyewe ulianzia kwenye mtufaha.

Mumewe, Orrin, aliupanda mti huo mbele ya dirisha la jikoni katika mwaka wake wa mwisho duniani. Alipofariki, Rodney, mume wa binti yao Colleen, akajitwika kazi ya kutunza nyasi. Rodney ana biashara ya kukata nyasi za watu katika mji wetu huu wa Iowa. Kila Jumamosi alifika na mashine yake ya petroli ya kuning'iniza begani, ile yenye uzi mgumu wa plastiki unaozunguka kwa kasi huko mwisho. Malipo hakudai. Alichodai ni kushukuriwa. Sisi majirani tukikaa mezani pamoja nao, lazima atukumbushe kwamba bila yeye mama mkwe angekuwa anaishi porini.

Baridi ilipoondoka, miti yote ya mtaa ikatoa majani, mtufaha ukabaki mkavu. Marlys akaniita kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimkuta amepiga magoti, amezipangua nyasi shinani. Gome la mti lilikuwa limechunwa mzunguko mzima, pete nyeupe kuzunguka shina. Mti wa namna hiyo haunywi maji tena.

Alipompigia simu Rodney, akaambiwa ni sungura. Marlys amelelewa shambani. Akamjibu kwamba sungura ana meno, na pale hapakuwa na alama ya jino hata moja, ila michirizi laini kama ya kiboko, kazi ya uzi wa mashine. Akamwambia asikanyage tena uwanja wake.

“Sawa, mama,” Rodney akasema. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nilisikia. “Nyasi zikikufika kiunoni utanipigia mwenyewe.”

Mvua za Mei zikanyesha, nyasi zikapanda. Mji wetu una sheria: ukiziacha mpaka zivuke kiwango, wanatuma watu wao waje wakate, kisha wewe unabebeshwa gharama na aibu juu. Marlys alijaribu kutafuta mtu wa kumlipa, lakini wakataji wote wa hapa ni marafiki wa Rodney, na alikwisha kuwapitia mmoja mmoja akiwaambia kwamba bibi yule ukimfanyia kazi atakusingizia. Kila aliyeulizwa alikuwa na udhuru.

Mashine ya kusukuma aliiweza. Shida ilikuwa kule isikofika: kando ya uzio, kuzunguka mawe na ngazi, na ukingo wa mtaro wa barabarani. Ile ya kufyekea ya Orrin bado ilikuwa gerejini, lakini haiwaki mpaka uvute kamba kwa nguvu, na bega lake la kulia lilikuwa limepasuliwa na daktari. Akavuta, akavuta, akaishia kukaa chini akishikilia bega. Jioni ile aliniomba nimpeleke dukani kesho yake akachague ya betri.

Kosa alilofanya ni kumwambia Colleen. Tulipoingia kwenye duka la vifaa, Rodney alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa mashine, mikono kifuani, kama mwenye duka.

“Nimekuja kukusaidia usitupe hela,” akasema. “Hizi za betri ni midoli, mama. Utakata nyasi za kwenye chungu cha maua, basi.”

Marlys hakumsalimu. Akateremsha ya kwanza, ndefu na nyembamba, akaishika kama mtu anayefyeka. Ilikuwa nyepesi kama ufagio. Mimi nikasema hiyo hiyo inatosha. Akatikisa kichwa, akamwomba muuzaji aipachike betri kwanza, kwa sababu bila betri uzito wote ni uongo. Ilipopachikwa, ikamwinamia mbele. Akairudisha.

Rodney alikuwa amekwisha kushusha ile kubwa kuliko zote, betri yake kama tofali, akaisukuma mikononi mwa mama mkwe. Kama ni lazima iwe betri, akasema, basi achukue ya wanaume. Marlys aliinyanyua mara moja tu. Nikaona uso wake unabadilika rangi kwa maumivu, na Rodney naye aliona, maana alitabasamu.

“Huiwezi,” akasema. “Mzee Orrin mwenyewe aliniambia pale hospitali. Alisema, Rodney, ule uwanja nakuachia wewe, Marlys hatauweza.”

Pale nikatamani tuondoke. Hayo hatukuwahi kuyasikia, na Orrin hayupo wa kuulizwa. Marlys akaiweka ile kubwa sakafuni taratibu.

“Basi naye alikosea,” akasema.

Akaendelea kuchagua, bila haraka. Moja aliikataa kwa sababu kila uzi ukiisha ni lazima uigonge chini ili mwingine utoke, na bega halikutaka kugongagonga. Nyingine aliikataa kwa sababu betri yake haiingii kwenye kitu kingine chochote. Mwisho akashika moja ya wastani. Betri ilikaa nyuma, karibu na mkono, kwa hiyo kichwa hakikumvuta, na mpini wake wa mbele uliweza kusogezwa mpaka bega likatulia. Chini, mbele ya uzi, palikuwa na waya uliopinda kama upinde. Akaukunjua kwa kidole, akamuuliza muuzaji ni wa nini.

Muuzaji akaeleza kwamba ni wa kuzuia uzi usiguse maua wala shina la mti. Marlys akamgeukia Rodney, na kwa mara ya kwanza siku ile akamuuliza swali kwa sauti ya kawaida tu: ya kwake inayo kinga?

Rodney akacheka, akamtazama muuzaji kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

“Kinga? Yangu niling'oa zote siku ya kwanza. Zinachelewesha kazi. Ukiondoa, uzi unakuwa mrefu, unapiga mara moja umema—”

Hakumaliza, maana alikuwa amejitaja mwenyewe badala ya sungura. Rodney alikuwa mwekundu mpaka shingoni, na nilidhani huenda sasa ataomba radhi. Lilikuwa neno dogo tu, na lingemfaa.

“Ni mti tu,” akasema.

“Nichukulie hii,” Marlys akamwambia muuzaji, akatangulia kwenda kulipa.

Siku ya kwanza haikuwa ya kujivunia. Aliichaji usiku kucha, akavaa miwani ya Orrin ya kukingia macho, akaanza kwenye uzio. Mashine ililia kama nyuki wengi, si kelele za kuamsha mtaa. Lakini hakuwa na mkono uliozoea. Mahali pengine alichimba mpaka udongo, pengine aliacha mashungi, na betri ikazima kabla hajafika barabarani. Uwanja ukawa kama kichwa cha mtu aliyemtoroka kinyozi. Wakati huohuo Rodney akapita na pikapu yake, polepole, kioo amekiteremsha. Akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akageuza, akapita tena. Marlys alikuwa amekaa ngazini, nikamwona analia kwa hasira. Nilitaka kwenda kummalizia, akanifokea nirudi kwangu.

Kesho yake alimaliza.

Colleen alikuja wiki hiyohiyo, wakagombana jikoni madirisha yakiwa wazi. Alimwambia mama yake anavunja familia kwa ajili ya mti mkavu, kwamba Rodney amefanya kazi bure miaka yote ile, na kwamba sikukuu ya uhuru ya Julai wasitarajiwe. Hawakuja kweli. Marlys alibeba bakuli lake la saladi ya viazi akaja kula kwetu, na alikula vizuri.

Kufikia Agosti kingo zake zilikuwa zimenyooka kuliko zangu. Colleen alirejea peke yake, na sahani ya mahindi ya kuchemsha, akamkuta mama yake kando ya mtaro. Marlys hakuizima mashine mpaka alipofika mwisho wa mstari. Kisha wakakaa ngazini. Colleen akauliza kama Rodney anaweza kuja mezani Novemba, siku ya Shukrani, ile ya kula bata mzinga.

“Mezani aje,” Marlys akasema. “Apitie kwenye njia ya saruji, asikanyage nyasi.”

Colleen aliupeleka ujumbe kama ulivyo. Novemba ilipofika alikuja peke yake tena, na sisi wachache tulikula yule bata mzinga siku nzima, hatukummaliza.