Sura ya Pikseli Kumi na Tano

"Hiyo pua ni yako, Ondiek! Kataa tena!" Mama Awuor alimsogezea simu karibu na macho.

"Mama, pua kama hii wako nayo nusu ya Kisumu." Ondiek alijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye.

Ua wa ploti yetu hapa Nyamasaria ulikuwa umejaa, na mimi nilikuwa mbele kabisa, nguo mbichi mkononi kama kisingizio. Juzi injini ya boti ya Mama Awuor iliibwa ufuoni Dunga. Kamera ya hoteli ilimnasa mtu akiibeba, lakini kwa mbali, sura kama tone la uji. Mama akaipeleka picha hiyo kwa Winny, mpangaji mwenzetu wa mambo ya kompyuta. Winny akaikuza kwa programu aliyoiandika mwenyewe, ikatoka sura safi kabisa. Ikatoka Ondiek.

Sasa Winny alikuja mbio, kompyuta kifuani. "Si nilikuambia usiiamini? Ile sura ilikuwa na pikseli kumi na tano tu kwa upana. Vidoa kumi na tano, Mama! Ukikuza, programu haioni zaidi. Inabuni."

"Na ikabuni jirani?" nikauliza. Mdomo wangu huu.

Winny alichukua picha ya Mama Awuor mwenyewe, ya harusini, akaandika mstari mmoja ikapungua hadi pikseli kumi na tano. Akaikuza tena. Tukainama wote. Kwenye kioo alikuwa mwanamume, kilemba cha Mama kimegeuka nywele, na pua ilikuwa ileile.

"Ati sasa mimi ndio mwizi wa injini yangu," Mama akasema polepole.

"Programu niliifunza kwa picha za hapa ploti," Winny akasema. "Na nani hapa hupenda kupigwa picha?"

Tukamgeukia Ondiek, ambaye hata na mbuzi wa majirani amepiga picha.

"Basi ifute, Mama," Ondiek akasema.

"Nilishaituma. Kundi la WhatsApp la wavuvi wa Dunga, asubuhi."

Mama alisoma majibu bila sauti, kisha akanipa simu. Ujumbe wa mwisho ulisema: *Tuko njiani. Tairi na petroli tunazo.*

Mama akaandika kwamba si Ondiek, akaandika tena. Hakuna aliyesoma. Mtu aliye juu ya pikipiki hasomi.

"Nikimbie?" Ondiek aliuliza.

"Ukikimbia, umekubali," nikamwambia.

Ndipo tukasikia pikipiki zikikata kona kutoka barabara kuu, nyingi, honi bila kukoma. Majirani wakaanza kuingia kwao mmoja mmoja, milango ikifungwa. Mama Awuor hakwenda kwenye geti. Alifunga pazia la mlango wake pembeni, akavuta meza hadi kizingitini ambapo kila anayeingia angeiona, akaweka ugali na samaki, sahani moja.

"Wanaume wa Dunga nawajua," akasema. "Hawamgusi mtu anayekula na mwenye mali. Ondiek, nawa mikono. Ingia ule."