Sauti ya Mnyang'anyi wa Kushoto

Kicheko kilitangulia. Kilitoka gizani, kikavu, kikipanda kama mtu anayeruka ngazi mbilimbili, na kilipofika juu kabisa kikakatika, ukasikia pumzi ikivutwa kwa taabu. Ukumbi mzima wa kanisa ulinyamaza. Shuka jeupe tulilotundika ukutani halikuonyesha kitu. Picha ilikuwa imekufa.

"Malenga, vipi huko?" kiongozi wa kwaya aliita kutoka mbele. "Ndiyo tunasulubisha gizani?"

Wachache walicheka, mama mmoja akawanyamazisha kwa msonyo mrefu. Malenga ni mimi. Wananiita hivyo kwa sababu natunga mashairi, na kiongozi wa kwaya analitamka jina hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Simjali. Vina nimejifunza mwenyewe kwenye benchi langu la kutengenezea redio na simu, nikihesabu mizani kwa vidole huku risasi ya kulehemu ikipoa. Hakuna aliyenishika mkono.

Kosa la projekta nililijua hata kabla sijaigusa. Feni ilikuwa imekabwa na vumbi, na mashine ikipata joto hujizimia taa ili isiungue. Unaiacha ipoe, inawaka yenyewe. Lakini sauti haikutoka kwenye projekta, ilitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye spika, kwa hiyo filamu iliendelea bila picha. Yesu alikuwa msalabani, na wale wawili kando yake. Mambo hayo tuliyajua tangu utotoni. Nikapeleka kidole nisimamishe sauti, tusubiri taa.

Ndipo yule aliyecheka akasema.

"Kama kweli ni wewe, tushushe! Unangoja nini? Tushushe wote!"

Kidole kilibaki hewani. Ile haikuwa sauti ya mnyang'anyi. Ilikuwa sauti ya kaka yangu.

Filamu ilitengenezwa mbali na watu wa mbali, kisha wakatafutwa watu wa kuitia sauti za Kiswahili, kumbe kaka yangu mmoja wao. Kabla taa haijazimika, mnyang'anyi wa kushoto alikuwa mwanamume mwenye ndevu chafu na jino lililovunjika, nami nilikuwa nimeshamchukia ipasavyo. Giza lilimfuta yule mwenye ndevu, ikabaki sauti peke yake, na ile sauti nimelala nayo chumba kimoja miaka yote ya utoto wangu. Kicheko kile ndicho alichonicheka nilipoanguka kwenye baiskeli. Na ndicho alichomcheka Baba siku aliyoondoka.

Kaka yangu kanisani walimwita Kengele. Akisoma Neno, hata watoto wachanga waliacha kulia, na Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa anakaa safu ya mbele kifua mbele kama ndiye aliyeliandika. Kisha kituo cha redio kikamchukua kusoma matangazo. Sabuni, sawa. Mabati, sawa. Jumatatu moja watu wakawasha redio, na sauti iliyowasomea Zaburi jana yake ikawa inawaambia bia ni baridi, teremsha moja, ongeza ya pili. Baba akamwambia achague. Akacheka, akafunga begi.

Mlangoni alinigeukia. Nilikuwa nimemtungia shairi la kumwonya, beti nane, kina hakikupinda hata kimoja. Alilisoma lote amesimama. "Mdogo wangu," akasema, "vina vyako vimenyooka kama askari kwenye gwaride. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kupenda." Akaenda. Baba alikataza jina lake lisitajwe nyumbani, na mimi niliitii amri hiyo vizuri kuliko wote. Tusi la shairi langu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa alikuwa humu ndani, kwenye spika mbili za kanisa, akimtukana Bwana. Au alikuwa anamwomba? Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka. Kwa sababu mnyang'anyi alirudia, safari hii bila kicheko, kwa sauti ya chini iliyochakaa: "Tushushe." Na mtu anayesema nishushe, tukiacha ukali wa ulimi, anataka nini zaidi ya kushushwa?

Nilimtazama Mama. Alikaa safu ya mbele kando ya Baba. Watu wote walikuwa wameelekeza nyuso kwenye shuka lililomezwa na giza wakisubiri picha, yeye peke yake alikuwa amegeuza kichwa pembeni, kwenye spika, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Taa ikarudi. Ndevu chafu, jino lililovunjika, mdomo wazi. Bwana akamgeukia wa kulia na kumwahidi Paradiso. Wa kushoto hakujibiwa. Nilisubiri, ninaapa nilisubiri, ingawa najua Maandiko na nilijua hajibiwi. Kamera ilimwacha, ikaenda kwenye mawingu. Watu walilia. Nami nililia, tena kwa kwikwi, na mama aliyesonya akanipapasa mgongo akisema, "Roho anakugusa, mwanangu." Ningemwambia nini? Kwamba nimemlilia asiyestahili?

Filamu ilipoisha tukang'oa mablanketi tuliyozibia madirisha, na mwanga wa alasiri ukatukuta macho mekundu. Mchungaji alinijia akipangusa miwani. Ni mgeni kwetu, hakumkuta Kengele.

"Kijana, umeona mambo?" akaniuliza. "Kesho baada ya kwaya unasoma shairi lako. Yule wa kushoto mkandamize vizuri. Vijana waogope."

"Nimeshaanza, Mchungaji," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeanza asubuhi, kabla hata ya kuiona filamu. Nilikuwa nimeringia mwanzo wake siku nzima, nikamsomea:

*Wa kushoto kajikana, mdomo ulimponza,*
*Ubavuni mwake Bwana, kejeli akazianza.*

"Safi sana," Mchungaji akasema. "Hebu ona hicho kina!"

Mizani ilitimia. Kina kilikaa kama meno ya msumeno mpya. Lakini niliposikia mistari ile ikitoka kinywani mwangu, nilimwona askari akipiga saluti mbele ya ukuta.

Watu waliondoka wakiburuta viti. Baba alitoka na wazee wenzake kuzungumza barazani. Nilikuwa nakunja waya na kuitundika shingoni nilipohisi mtu nyuma yangu. Mama. Ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nirudishie pale," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Pale."

Nikawasha kompyuta. Projekta niliiacha imezimwa. Nikarudisha filamu nyuma, kicheko kikapanda ngazi zake, kikakatika. *Kama kweli ni wewe, tushushe!* Mama alisogea hadi kwenye spika, akaweka kiganja juu ya wavu wake, mahali sauti inapotetema.

"Tena."

Nikarudia.

"Amekonda," akasema.

"Mama, hii ni sauti tu. Hujamwona."

"Sauti hukonda kabla ya mashavu. Hapo anapovuta pumzi, sikiliza. Kile kifua chake cha tangu utotoni hakijapona. Nani anamchemshia maji?"

"Anaigiza, Mama. Amelipwa aseme vile. Karatasi wanampa, anasoma."

"Na mimi nimemzaa bila karatasi. Tena."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Mkristo gani huyu anayekaa kanisani kusikiliza kufuru mara tatu, macho amefumba kama yuko kwenye sala? Na fundi gani huyu anayemrudishia? Nilitaka kumwambia hapa ni mahali patakatifu. Nikakumbuka kwamba maneno yale yalisemwa palepale msalabani, na msalaba haukukataa kuyasikia.

"Mama," nikasema, "Mchungaji anataka nimkandamize kesho. Wa kushoto."

"Utamkandamiza?"

"Shairi liko tayari nusu. Yule alimtukana Bwana, Mama. Imeandikwa."

"Nimesikia alivyosema. Ulimi wake huo mbaya ameurithi kwa baba yake, na wewe pia unao." Akafumbua macho. "Ila kuna kitu nakuuliza, wewe msomi wa vina. Walikuwa wawili. Wa kulia Bwana alimjibu, na Bwana ashukuriwe. Huyu mwingine mama yake alikuwa wapi?"

"Filamu haikuonyesha."

"Ndiyo hivyo. Haikuonyesha."

Mimi ambaye nina jibu la kila kitu, ambaye kiongozi wa kwaya akinitupia neno moja namrudishia ubeti, nilisimama na waya shingoni kama ng'ombe wa mnadani.

"Tena," Mama akasema.

Safari hii mlango ulilia. Baba alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi. Kicheko kilishaanza na sikuwahi kukizima. Nilisubiri aungurume. Kaka yangu akasema maneno yake yote mbele ya baba yake, mpaka lile la mwisho la chini.

"Punguza," Baba akasema. "Watu wako nje. Watasikia."

"Wasikie," Mama akajibu bila kugeuka. "Alipokuwa anasoma Zaburi ulitaka wasikie mpaka barabarani."

Baba aliigeuzageuza kofia yake. Nilidhani atatoka. Badala yake aliketi kwenye kiti cha nyuma kabisa, yeye ambaye hajawahi kukaa nyuma tangu nipate akili, akatazama lile shuka jeupe ambalo halikuwa na picha yoyote. Sikuweza kuusoma uso wake. Hata sasa siwezi kukuambia kama alikuwa na hasira, au aibu, au alikuwa anasubiri nirudie.

"Namba yake ya zamani haipatikani," Mama akaniambia polepole, ili nami nijue amekuwa akiipiga. "Wewe kazi yako ni redio. Watu wa redio wanajuana."

"Wanajuana, Mama."

"Basi mtafute."

"Alinidharau, Mama. Siku ile, mlangoni. Shairi langu alilitupa kama ganda la ndizi."

"Hakulitupa. Alilikunja, akalitia mfuko wa shati. Nilikuwa dirishani. Wewe ulikuwa umekwisha kugeuza mgongo."

Nilimtazama nione kama ananidanganya kwa huruma. Mama hadanganyi, ila ni mama. Sikujua niamini lipi. Nilijua tu kwamba shairi la kesho limekufa, kwamba nitasimama mbele ya Mchungaji na kiongozi wa kwaya nikiwa mtupu, na kwamba sikujua nitasema nini kuhusu filamu ile mtu akiniuliza. Ilinisogeza kwa Mungu au iliniondoa? Nilikuwa nimelia upande wa kushoto wa msalaba, na sikupata mtu wa kuniambia kama pale pia panahesabika.

Nikazima spika.

"Ukimpata usimhubirie," Mama akasema. "Usimsomee ubeti hata mmoja. Usimwambie Baba amesema hivi au vile. Mwambie tu kwamba nilimsikia. Mtu asije akapiga kelele namna ile akadhani hakuna aliyemsikia."

Nyuma yetu kiti kililia. Baba alikohoa.

Nikaivua ile waya shingoni, nikaiweka juu ya kompyuta, nikaushika mkono wa Mama, kiganja kilekile kilichokuwa kwenye spika. Nikasema kwa nguvu, ili sauti ifike mpaka kiti cha nyuma:

"Kesho sisomi, Mama. Jumatatu nafunga benchi, nazunguka vituo vyote vya redio mpaka nimpate. Nitamwambia ulimsikia."